Majina yaliondoka, pesa zikayafuata

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha watu 34 tuliosoma pamoja zamani. Sasa kila mtu ana maisha yake, lakini miaka mitano iliyopita mwenzetu mmoja alikaa wodini na mtoto wake karibu miezi mitatu, akatusimulia aliyoyaona kule. Wazazi walikuwa wakilala sakafuni chini ya vitanda vya watoto wao. Wengine walikatisha matibabu kwa sababu tu nauli ya kurudi kliniki haikupatikana. Basi tukaanza kuchanga. Kila mwezi mtu anatoa anachoweza, mimi nakusanya na kumtumia ofisa ustawi wa jamii wa ile wodi, naye analipia nauli na malazi ya wazazi na kutuletea risiti.

Kwa miaka minne nilikuwa nikiweka orodha kwenye kundi letu la WhatsApp. Bila shaka unaijua orodha ya namna hiyo: namba, jina, kiasi, na alama ya vema pembeni. Kila anayetuma, nainakili upya na kumwongeza. Mtu akiona wenzake wamefika 15, naye anakimbilia simu. Tuna mwenzetu tumembandika jina la Bwana Nyongeza, maana hatoi mpaka waishe wote, halafu anamtazama aliyetoa kingi kuliko wote na kumpita kidogo tu. Tunamcheka, lakini pesa yake ni pesa.

Mwanzoni mwa mwaka huu dada mmoja alijitoa kundini usiku bila kuaga. Nikampigia. Akaniambia kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza, kwamba tangu apunguzwe kazini anatoa kidogo, na kila mwezi jina lake linakaa na tarakimu ile ndogo mbele ya watu waliokuwa wakinakili majibu yake darasani. Mwezi mmoja alikopa ili tarakimu isomeke vizuri. "Hebu fikiria, nimekopa nitoe sadaka," akasema, akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Kesho yake nikaiondoa orodha. Nikaandika kwamba kuanzia sasa kila mtu atume kimyakimya, na mwisho wa mwezi nitatangaza jumla tu. Wakanisifu wote, skrini ikajaa makofi. Mwezi wa kwanza pesa ikapungua kwa robo. Wa pili, kwa theluthi. Wa tatu tulifikia nusu, na ofisa wa wodi akanipigia kuuliza kama kuna tatizo, maana yupo mama anayesubiri nauli.

Nikapandwa na hasira, Mama. Nilikaa usiku kucha nikiandika ujumbe mkali wa kuwatumia wenzangu. Neno "unafiki" lilikuwamo mara tatu. Kabla ya kuutuma nikafungua daftari nihakikishe nani katoa na nani hakutoa, na jina langu halikuwamo. Mwezi ule sikutoa. Wiki ya kwanza nilisahau, kazini tulikuwa na wakaguzi. Lakini nikisema kweli, wiki ya tatu nilikumbuka. Nikajiambia nitatuma kesho, na nyuma ya ile kesho palikuwa na sauti ndogo ikisema: hakuna anayejua.

Nikaufuta ujumbe.

Sasa nakuuliza. Je, miaka yote minne tulikuwa tukinunua sifa tu? Sadaka ya hivyo ina thamani yoyote? Nirudishe orodha, kwa kuwa nauli hailipwi kwa nia njema, au niache pesa ipungue ibaki ile ya wenye moyo safi? Na jambo dogo la mwisho: kuna mwenzetu anayenishutumu kwamba nikikata makato ya kutuma pesa kutoka kwenye michango, naila sadaka. Ana haki?

Ni mimi,
Mweka Hazina Asiyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza pole kwa usiku ule. Ujumbe ulioufuta ndio uliokuwa bora kuliko yote uliyowahi kuandika kundini, hasa kwa vile hakuna aliyeusoma.

Nianze na neno unafiki, maana ndilo linalokunyima usingizi. Mnafiki ni mtu anayetangaza kilichomo moyoni kumbe hakimo. Wenzako hawakutangaza chochote. Walituma pesa, majina yao yakaandikwa, wakafurahi kuyaona. Wema na kupenda sifa viliingia kwa mlango mmoja, wala hapakuwa na bawabu wa kuvitenganisha. Hata wewe, ukiambiwa uchambue mchango wako mmoja wa miaka miwili iliyopita, hiki nilimtolea mtoto, hiki niliwatolea wenzangu wanione, utakaa mpaka asubuhi hujamaliza.

Wataalamu wa uchumi walisumbuka sana na swali hilihili. Mwaka 1990 Mmarekani James Andreoni alitoa hoja ambayo mimi naipenda kwa sababu haimtukani mtu. Alisema kama watoaji wangejali tu kwamba shida iondoke, basi kila mara mwingine anapoipunguza, wao wangepunguza mchango wao kwa kiasi hichohicho na kwenda zao. Lakini watu hawafanyi hivyo. Wanataka shida iondoke, na pia wanataka mkono wao uwe umo katika kuiondoa. Ile raha ya kuwa mmoja wa walioshika aliipa jina ambalo kwa Kiswahili ningeliita joto la moyoni. Wapime wenzako kwa kipimo hicho. Wenzao 15 wakishatuma, mbona waliobaki hawakai wakasema mama yule ameshapata nauli, basi? Kila mmoja anataka yake iwemo. Huko si kununua sifa, mwanangu. Au tuseme sifa imo, lakini ni kama chumvi, haijageuka kuwa chakula chenyewe.

Na usidhani dini zinakubana kuliko zinavyokubana kweli. Wakristo wataanza na mkono wa kushoto usiojua ufanyalo wa kulia, na ni kweli imeandikwa. Waislamu wanayo aya ya 271 ya Sura Al-Baqara, inayosema kuidhihirisha sadaka ni vizuri, na kuificha mkawapa mafukara ni bora zaidi kwenu. Angalia mpangilio wake: ya wazi haikuitwa batili, imewekwa daraja ya chini tu. Kinachotajwa kuwa kinaiharibu sadaka, aya saba kabla ya hiyo, ni masimbulizi na maudhi, yaani kumkumbusha mtu ulichompa na kumuumiza kwacho. Kwenu nyinyi aliyeumizwa hakuwa mpokeaji. Alikuwa mtoaji mwenzenu. Hilo nitalirudia.

Sasa tuje kwenye hesabu zako, kwa sababu nadhani umezisoma vibaya.

Umesema uliondoa majina, pesa ikashuka, kwa hiyo majina ndiyo yaliyokuwa yakitoa pesa. Hebu kumbuka vizuri orodha ile ilivyokuwa ikifanya kazi. Kila aliyetuma, uliinakili upya. Simu za wenzako wote zikalia. Watu 15 wakituma, simu zimelia mara 15. Mtu yuko kazini, inalia. Yuko njiani, inalia. Yuko kitandani anajiandaa kulala, inalia tena na kumwambia leo tarehe fulani, bado hujatuma. Siku ulipoondoa majina uliondoa pia kengele. Uliondoa vitu viwili kwa mkono mmoja, kisha hasara yote ukaibebesha kimoja.

Mimi siwezi kukuambia ni kiasi gani cha ile nusu iliyopotea kilipotea kwa sababu watu hawaonekani tena, na ni kiasi gani kwa sababu hawakumbushwi. Ila unaye shahidi mmoja unayemjua vizuri. Wiki ya kwanza mtu huyo alisahau kwa sababu kazini kulikuwa na wakaguzi.

Kuna jaribio la mwaka 1973 ambalo nimelisimulia mara nyingi mpaka watu wangu wa nyumbani wananikwepa. John Darley na Daniel Batson waliwachukua wanafunzi wa seminari ya Princeton, vijana wanaosomea kazi ya Mungu, wakawatuma jengo la pili kwenda kutoa hotuba. Baadhi yao hotuba yenyewe ilihusu Msamaria Mwema. Njiani palikuwa na mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kuguna kama mgonjwa. Wale walioambiwa wana nafasi ya kutosha walisaidia asilimia 63. Wale walioambiwa wameshachelewa walisaidia asilimia 10. Hata kwenda kumhubiri Msamaria hakukuongeza tofauti ya maana. Haraka ndiyo iliyoamua. Kwa hiyo usinipimie mioyo ya watu 34 kwa miezi mitatu ambayo hakuna aliyewagusa bega.

Lakini wiki ya tatu ulikumbuka, na hapo sikuachii. Umeniandikia kwa uaminifu na ningekukosea heshima kama ningekubembeleza. Kusahau ni kwa wiki ya kwanza. Ya tatu uliamua, na uliamua hivyo kwa kuwa giza lilikuwapo. Nitakuambia mwishoni giza lile limetoka wapi, kwa sababu sidhani kama lilitoka moyoni mwako.

Kwamba kuonekana kunaongeza pesa, hilo lipo, tusijidanganye. Mchumi wa Uholanzi Adriaan Soetevent alichapisha mwaka 2005 matokeo ya jaribio katika makanisa 30. Desturi ya kule ni kupitisha mfuko uliofungwa, mkono unaingia na hakuna anayejua umeacha nini. Yeye akaweka vikapu vya wazi baadhi ya Jumapili. Sadaka ya kanisa lenyewe haikubadilika. Ile ya pili, inayokwenda kwa shughuli za nje, ikapanda kwa asilimia 10, na watu wakaanza kuchagua sarafu kubwa zaidi. Kisha kadiri wiki zilivyopita, ongezeko likayeyuka. Macho ya jirani yalizoeleka.

Kwa hiyo orodha ina nguvu, lakini nguvu yake ni ndogo kuliko unavyoiogopa. Na ina bei ambayo wewe umeshaisikia kwa sikio lako kwenye simu.

Hiyo bei nayo ilipimwa. Stefano DellaVigna, John List na Ulrike Malmendier walichapisha mwaka 2012 utafiti wa wachangishaji wanaogonga milango ya watu karibu na Chicago. Nyumba nyingine ziligongwa bila taarifa. Nyingine ziliachiwa karatasi mlangoni siku moja kabla: tutapita saa fulani. Waliopewa karatasi walifungua mlango pungufu kwa kati ya asilimia 9 na 25. Karatasi ilipowekewa kisanduku cha kutia alama kwamba msinisumbue, michango ilishuka kwa asilimia 28 hadi 42, na iliyopotea zaidi ni ile midogomidogo, chini ya dola 10. Maana yake, pesa ndogo nyingi zilikuwa zikitolewa na watu ambao wangelipa, kama ingewezekana, wasiwe nyumbani saa ile.

Usinielewe vibaya, siwacheki. Mimi mwenyewe niliwahi kuvuka barabara kumkwepa kijana mwenye sanduku la michango, nikafika upande wa pili, nikajiona mjinga, nikarudi na kutoa mara mbili ya nilichokuwa ningetoa. Kijana wa watu akanishukuru sana. Hakujua nusu yake ilikuwa faini.

Dada yako aliyekopa ndiye aliye nyuma ya mlango ule. Wengine waliojificha huwajui kwa sababu hawakukuambia. Orodha iliyopanga majina na viasi iliwatendea watu wenu vitu viwili kwa pamoja: iliwaonyesha, na iliwapima. Kuonyeshwa kwamba umo katika jambo jema hakumdhuru mtu. Kupimwa mbele ya wenzako, kila mwezi, na kipimo chenyewe kikawa ni mshahara wako kwa jina jingine, kunamdhuru. Wahenga walikwisha kusema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na orodha yenu ilikuwa ikisema kinyume chake kila tarehe 30.

Kwa hiyo jibu la swali lako: orodha ya viasi isirudi. Hata kama pesa ingerudi yote, isirudi.

Lakini hilo jingine ulilouliza, niache ipungue ibaki ya wenye moyo safi, hilo nalikataa kwa nguvu zaidi. Yupo mama anasubiri nauli. Usafi wa mioyo yenu usilipiwe na mama yule. Mkitaka kutakasa nia, zipo njia nyingi ambazo gharama yake mtaibeba nyinyi wenyewe.

Rudisha kengele, basi. Peleka ujumbe mmoja siku mishahara inapoingia, mwingine katikati, mwingine siku tatu kabla ya kufunga. Uwe mfupi. Useme lengo la mwezi ni kiasi gani na tumefika wapi. Jumla ikisogea, watu wanasogea nayo. Halafu mwezi ukiisha taja majina ya wote waliotoa, kwa alfabeti, bila kiasi, kwa sharti kwamba asiyetaka kutajwa akuambie mara moja na usimuulize sababu. Aliyetoa kidogo na aliyetoa kingi watasimama mstari mmoja. Najua utaniuliza: na asiyetoa kabisa mwezi huo, si ataonekana kwa kukosekana? Ataonekana, kiasi. Ndiyo maana nasema mwezi ukiisha, na si kila saa. Na ndiyo maana ningependa wenye uwezo waagize benki au simu itume yenyewe kila mwezi, ili suala la kukumbuka liishe. Wewe uwe wa kwanza kuagiza. Leo hii.

Kuhusu Bwana Nyongeza, mwache asipotee, ni hazina kuliko wewe mwenyewe unavyoitwa mweka hazina. Mtu anayependa kuwapita wenzake kidogo anahitaji kupewa kazi inayolingana na tabia yake. Mfuate faraghani umwombe: mwezi ujao, kila kitakachotolewa na wengine mpaka kufikia kiwango fulani atakachokitaja yeye, naye aongeze kiasi hichohicho. Dean Karlan na John List waliwahi kupeleka barua zaidi ya 50,000 kwa watu waliokuwa wameshachangia shirika moja la Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Barua zilizosema kuna mfadhili atakayelinganisha mchango wako zilileta, kwa kila barua, asilimia 19 zaidi. Cha kuchekesha ni kwamba kuahidi mara mbili au mara tatu ya mchango hakukuongeza chochote juu ya kuahidi kiasi sawa na mchango. Kwa hiyo usimkamue. Shilingi kwa shilingi inatosha. Na hapo atakuwa ametajwa, atakuwa amefurahi, na tarakimu yake haitakuwa imemdhalilisha mtu, kwa kuwa sasa ili yeye atoe sharti wengine watoe kwanza.

Halafu tuseme juu ya zile ripoti zako. Umesema unatangaza jumla tu. Jumla haimgusi mtu. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walionyesha jambo hili kwa namna inayoudhi kidogo. Watu walipewa dola 5 na nafasi ya kuchangia. Waliosoma takwimu za njaa inayowakabili mamilioni ya watu barani Afrika walitoa kwa wastani dola 1.14. Waliosoma habari za msichana mmoja wa miaka saba kutoka Mali walitoa dola 2.38. Ungedhani ukiwapa vyote viwili, msichana na takwimu, watatoa zaidi. Walitoa dola 1.43. Tarakimu zilimfunika mtoto.

Nakuambia hili nikiwa na wasiwasi, kwa sababu najua watu wanavyolitumia. Mara utaona picha ya mtoto wa mtu, anatoka jasho, mirija puani, imezunguka dunia nzima na mama yake hana habari. Usifanye hivyo. Nyinyi hamhitaji picha. Mwombe ofisa wa wodi azungumze na mzazi mmoja kila mwezi, na akikubali, akupe mistari minne mitano bila jina: alitoka mbali kiasi gani, mara ya mwisho alikosa kliniki kwa nini, safari hii kimefanyika nini. Akikataa, amekataa, na nauli yake anaipata vilevile. Hilo la mwisho liandikeni kabisa katika utaratibu wenu, maana mtu mwenye shida huona kila ombi ni amri.

Mistari hiyo itafanya kazi nyingine ambayo orodha haikuifanya kamwe. Kwa miaka minne wenzako walikuwa wakitazamana. Mtoto hayupo pichani, mama hayupo, wapo watu 34 wanaosoma tarakimu za wenzao. Wakishaanza kusoma habari za mama aliyefika kliniki, kitu cha kutazama kitakuwa kimebadilika, na nadhani hata lile joto la moyoni litapata kuni nzuri zaidi.

La makato ni jepesi. Mwenzako hana haki, ila ana hoja. Hana haki kwa sababu pesa haifiki kwa mbawa. Hata katika zaka, ambayo haina mchezo, aya ya 60 ya Sura At-Tawba imetaja mafungu manane ya wanaostahili, na mojawapo ni wale wanaoitumikia, yaani wanaoikusanya. Gharama ya kuifikisha sadaka ilifikiriwa zamani sana. Hoja yake ni kwamba hukusema mapema. Andika katika kila ripoti: imeingia kiasi hiki, makato kiasi hiki, imefika kiasi hiki, na risiti hii hapa. Kama bado linamkera, mwombe yeye ndiye awe analipia makato kila mwezi. Sisemi hili kwa kejeli. Wapo watu wanaofurahi sana kujua kwamba kwa ajili yao hakuna hata senti ya wengine iliyopotea njiani. Na kama hafurahii kazi hiyo, atapunguza maneno.

Nilikuahidi kusema giza lile lilitoka wapi.

Soma tena barua yako. Kikundi cha watu 34, miaka mitano, na daftari analifungua mtu mmoja. Ulipoondoa orodha uliondoa jicho lililokuwa likiwaona wenzako, ndiyo, lakini wao bado walibaki na jicho lako: kila mmoja anajua kwamba mweka hazina anajua. Mtu pekee aliyebaki bila jicho lolote ni wewe. Sauti ile ndogo haikukudanganya iliposema hakuna anayejua. Ilikuwa inaeleza utaratibu wenu ulivyo. Leo umekosa mchango mmoja. Siku nyingine utashikwa na shida, pesa ya watu iko mkononi mwako, na sauti ileile itakuja na pendekezo baya zaidi. Nakuambia kama ningemwambia mwanangu wa kumzaa, na sikudhanii ubaya.

Unahitaji mtu wa pili wa kuliona daftari. Alione lote, majina na viasi, kila mwezi, kabla ripoti haijatoka, na atie saini. Awe mtu anayejua siri, asiyependa makuu, na aliyewahi kuonja uchungu wa tarakimu kuanikwa.

Mpigie yule dada. Usimwambie arudi kuchanga, wala usiguse habari ya mchango. Mwambie kilichotokea wiki ya tatu, kama ulivyoniambia mimi. Kisha mwulize kama atakubali kuwa mkaguzi wako. Akikubali, ukurasa wa kwanza umfungulie huo wa mwezi ambao jina lako halimo, na umwonyeshe mahali utakapoliandika.